Nimeongozwa sala ya toba mara nne, mbona bado naogopa siku ya mwisho?

*"Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Changamwe, Mombasa, nauza mahamri na viazi karai karibu na steji. Miaka sita iliyopita nilikuwa mweka hazina wa chama chetu cha wanawake 13. Mtoto wangu wa kwanza akalazwa, nikatoa shilingi 72,000 za chama nikidhani nitazirudisha kabla ya mwezi kuisha. Sikuweza. Nikasema nimeibiwa kwenye matatu nikitoka benki. Siku ile nilikuwa nimefuatana na binti mmoja wa chama, basi wenzetu wakamshuku yeye. Akatoka chamani, hata kanisa akahama. Tangu hapo nimeongozwa sala ya toba mara nne, ya mwisho kwenye mkutano wa injili pale Tononoka. Nimepanda mbegu, yaani sadaka, ya 5,000, nikaambiwa laana imekatika. Amani sipati.*

*Sasa kila siku naletewa video kwenye simu: vita, mafuriko, vijana walivyoharibika, na kwamba unyakuo, yaani waaminio kuchukuliwa mbinguni, ni mwaka huu. Mpwa wangu ameingia kwenye unga huko Mtwapa. Mume wangu, ambaye ni kibarua bandarini, amejiunga na kikundi cha maombi ambacho kiongozi wake asema shule ni za mpinga Kristo. Anataka tuwatoe watoto shule, tuuze kiwanja chetu cha Mazeras, tuhamie shambani tukangoje. Usiku silali. Naogopa Bwana akija leo nitaachwa. Je, toba yangu imekataliwa? Na hizi si ndizo dalili zenyewe?"*

Dada yangu, amina, asifiwe sana. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikaa kimya pale ulipomtaja yule binti. Umemtaja kwa maneno machache, kisha ukakimbilia video na vita. Nitakurudisha kwake kabla sijamaliza. Lakini kuna jambo moja haliwezi kungoja, acha nianze nalo.

Watoto wasitolewe shule, na kiwanja kisiuzwe. Hata kama mume wako ni kichwa cha nyumba, hata kama kiongozi wake anatoa unabii unaotimia. Kiwanja mlichokipata pamoja katika ndoa hakiuzwi bila idhini yako. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 yakulinda. Na elimu ya msingi ni haki ya mtoto kisheria, si hiari ya mzazi. Usitie sahihi karatasi yoyote mwezi huu, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto viweke mahali unapopajua wewe.

Nasema kwa ukali huu kwa sababu sisi watu wa Pwani hatuwezi kujifanya hatujui. Kuanzia Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, na watoto walikuwa wengi ndani yake. Uchunguzi ulionyesha wengi wao walikufa kwa njaa. Waliambiwa kufunga mpaka kufa ni njia ya kukutana na Yesu. Na kabla ya kuambiwa hivyo, waliambiwa shule ni ya shetani na hospitali ni ukosefu wa imani. Wakaacha kazi, wakauza mali, wakatengwa na jamaa. Mtu hapelekwi msituni siku moja. Hupelekwa hatua kwa hatua, na kila hatua huvikwa aya ya Biblia. Simhukumu kiongozi wa mume wako, simjui. Ila hatua mbili za kwanza ulizonitajia, shule na kiwanja, ndizo zilezile.

Sasa swali lako la dalili. Nakujibu kama mtu aaminiye kwa moyo wote kwamba Yesu atarudi. Ukiri wa imani tuusomao Jumapili wasema atakuja tena kwa utukufu kuwahukumu walio hai na wafu, na mimi ninapoutamka siutamki kama desturi. Wakristo wanatofautiana juu ya unyakuo, juu ya miaka 1,000 ya kutawala na Kristo katika Ufunuo 20, juu ya kipi kitatangulia kipi. Wameanza kutofautiana zamani, na sitakudanganya kwamba mimi nimemaliza ubishi huo. Lakini lipo neno ambalo hawana haki ya kutofautiana juu yake, maana Bwana mwenyewe amelifunga: "Walakini habari ya siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata malaika walio mbinguni, wala Mwana, ila Baba peke yake." Anayekwambia "ni mwaka huu" anadai kujua alichosema Yesu kwamba hata malaika hawakijui. Video kama hiyo ifute, usiisambaze, hata kama imeanza kwa wimbo mtamu.

Pia kuna kosa dogo ambalo huzaa woga mkubwa. Watu husema "tumeingia siku za mwisho" kana kwamba zimeanza juzi. Siku ya Pentekoste, Petro alisimama Yerusalemu akasema yale wanayoyaona ndiyo aliyotabiri Yoeli juu ya "siku za mwisho". Kwa hesabu ya Agano Jipya, siku za mwisho zilianza pale, karibu miaka 2,000 iliyopita. Vita na njaa na matetemeko Yesu aliviita mwanzo wa utungu, tena akatangulia kusema, "angalieni, msitishwe". Yaani dalili zilitolewa ili mtu akishtushwa na habari mbaya, asizirai. Sisi tumezigeuza kuwa kitu cha kuziraia.

Wathesalonike walikumbwa na haya mapema kabisa. Baadhi yao waliaminishwa kwamba siku ya Bwana imekwisha kuwapo, na wengine wakaacha kazi. Paulo hakuwapongeza kwa imani yao. Aliandika kwamba asiyetaka kufanya kazi, basi, asile chakula, akawaagiza watende kazi kwa utulivu. Mwambie mume wako asome Wathesalonike wa Pili sura ya tatu yote, kwa sauti, kisha aende bandarini.

Nikupe mfano wa mwaka mmoja ambao mimi huurudia nikifundisha. Mwaka 1844 kule Marekani, wafuasi wa mhubiri William Miller walihesabu unabii wa Danieli wakafikia tarehe 22 Oktoba. Wapo walioacha mazao shambani bila kuvuna. Siku ikaja, ikapita, na huzuni iliyofuata ilivunja watu wengi. Mwaka huohuo wa 1844, mmisionari Ludwig Krapf alifika hapa Mombasa na mkewe Rosine. Mnamo Julai Rosine akafa, na mtoto wao mchanga akafuata. Makaburi yako Nyali, waweza kwenda kuyaona. Huyo Krapf alikuwa na kila sababu ya kusema dunia imekwisha. Mwaka huohuo alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliendelea. Aliamini kurudi kwa Yesu sawasawa na wale waliokuwa wakihesabu siku. Tofauti ilikuwa katika kile alichofanya kesho yake asubuhi.

Kuhusu vijana na maadili, sitakwambia hakuna kitu. Mimi pia nimewazika vijana wa unga, nimekaa na mama zao. Kubeti kumekula ada za shule. Rushwa imekuwa kama salamu. Mpwa wako anahitaji kuombewa na anahitaji matibabu, vyote viwili, na ukimkuta usianze na mahubiri ya moto wa milele. Anza kwa kumuuliza amekula lini. Uraibu ni ugonjwa wenye tiba, na mji huu una vituo vinavyowapokea watu wa hali yake.

Lakini nakataa usemi kwamba zamani watu walikuwa wema. Kitabu cha Mhubiri kilishaonya: "Usiseme, Kwani siku za kale kuwa ni bora kuliko siku hizi?" Ukipita Kengeleni, tazama ile kengele. Frere Town ilianzishwa miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani, na kengele ilipigwa kuwaonya wakimbie wakija wa kuwakamata tena. Katika Pwani yetu hii, utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907. Hizo ndizo siku za kale: mtu alikuwa na bei. Walionunua na waliouza walikuwa na dini zao na adabu zao za mezani.

Na tazama jinsi Paulo anavyoanza orodha yake ya watu wa siku za mwisho katika Timotheo wa Pili sura ya tatu. Wa kwanza ni "wenye kujipenda wenyewe", wa pili "wenye kupenda fedha". Wa mwisho ni "wenye mfano wa utauwa, lakini wakikana nguvu zake". Video zako za vijana walioharibika zaonyesha wasichana wa Mtwapa usiku. Hakuna hata moja, nina hakika, inayoonyesha mweka hazina wa kanisa na daftari lake. Sisemi hivi nikuchome. Nasema kwa sababu kuporomoka kwa maadili tunakokulilia kule barabarani kunaanza na sisi tunaojua kuimba pambio. Petro asema hukumu huanza katika nyumba ya Mungu.

Basi tufike kwenye toba. Waniuliza kama imekataliwa. Hapana. Imekatizwa njiani, na hilo ni jambo lingine kabisa.

Neno la Kiebrania ambalo manabii hulitumia ni kurudi. Kurudi kwa miguu, kama mtu aliyepotea njia. Tuseme umepanda matatu hapo Changamwe ukidhani yaenda mjini, kumbe yaelekea Miritini. Umeshagundua. Waweza kulia dirishani. Waweza kumweleza abiria wa pembeni kwamba umekosea. Waweza hata kumlipa makanga nauli mara mbili. Gari litafika Miritini tu. Linalotakiwa ni useme "nashuka hapo", uvuke barabara, upande la kurudi. Machozi yako ya Tononoka yalikuwa ya kweli, sina shaka. Ulijua kwamba umepotea. Lakini umebaki kwenye kiti.

Ile mbegu ya 5,000 ndiyo nauli ya mara mbili. Aliyekwambia inakata laana alikukosea sana, na namwogopea. Yesu alisema ukileta sadaka madhabahuni na pale ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka, uende upatane naye kwanza, kisha urudi uitoe. Mhubiri aliyekusikia unalia angekuuliza, "Mama, una deni la mtu?" Hakuuliza. Pengine hata mimi kuna siku sikuuliza, na hilo hunisumbua.

Tafadhali usinisikie vibaya hapa, maana watu wengi hutumbukia upande wa pili. Kulipa deni si bei ya msamaha. Zakayo alikuwa mtoza ushuru mwizi, na Yesu alimwambia "leo imenipasa kushinda nyumbani mwako" kabla Zakayo hajataja hata senti. Ahadi ya kurudisha mara nne ilikuja baada ya mgeni kuingia. Mungu hakungoji ukamilishe 72,000 ndipo akupokee. Ukilala leo na kuamka mbele zake, ukiwa umemwamini Mwanawe, wewe ni wake. Ila mtu aliyepokelewa hivyo hawezi kuendelea kukalia cha mwenzake, na dhamiri inayokuamsha saa tisa usiku si shetani. Kwa miaka sita umekuwa ukiikemea kama pepo. Nadhani ni Roho anayekuhurumia.

Naona pia hapa ndipo hofu ya siku ya mwisho ilipopata mlango. Mwenye deni lililofichwa hawezi kumpima nabii. Kila anayesema "hukumu inakuja" anamgusa palepale panapouma, basi humwamini bila kuuliza. Mume wako huenda ana lake pia, sijui. Lako likikaa sawa utaweza kusoma Mathayo 24 bila kutetemeka, na utaweza kukaa naye mezani umwambie hapana.

Ufanyeje? Nimefikiria njia tatu, na kila moja ina gharama.

Waweza kurudisha fedha kimyakimya, bahasha bila jina. Nakuelewa ukivutwa huko, unao watoto na una biashara inayotegemea majirani. Lakini haitoshi, na sababu ni yule binti. Bahasha isiyo na jina, iliyorudi baada ya miaka sita, itawafanya wenzako waseme, "ala, kumbe kweli alikuwa yeye." Utakuwa umelipa fedha na kumzika mtu mara ya pili.

Waweza kusimama mkutanoni Jumapili ukaungama mbele ya kanisa zima. Wapo watakaokusifu. Mimi sikushauri. Kosa lako ni la wanawake 12, si la watu 400, na watoto wako wataisikia habari hiyo shuleni kabla hujafika nyumbani. Maungamo yaenee kadiri kosa lilivyoenea.

Njia ninayoiona ni ndefu zaidi. Tafuta mtu mzima wa imani anayejua kunyamaza, mchungaji au mzee wa kanisa au mama wa rika la mama yako, asiyekuwa mwanachama. Mweleze yote. Mweleze na mume wako, kwa siku na saa mtakayoichagua nyinyi, huyo mtu mzima akiwa karibu ikiwa waogopa atakasirika. Kisha mwende pamoja kwa mwenyekiti wa chama mkiwa na mpango wa kulipa ulioandikwa. Torati ilisema aliyechukua kwa hila arudishe kamili na kuongeza sehemu ya tano. Kwako hiyo ingekuwa 14,400 juu ya 72,000, jumla 86,400. Sikuwekei sheria hiyo shingoni, lakini nyongeza husema kitu ambacho maneno hayasemi: kwamba wale akina mama walikaa miaka sita bila fedha zao. Kwa 3,000 kwa mwezi, deni lenyewe laisha kwa miezi 24. Kwa mahamri na viazi karai ni mzigo, lakini si ndoto.

Wapo watakaokasirika. Anaweza kutokea wa kusema aende polisi, na ana haki hiyo. Msamaha wa Mungu haufuti sheria ya nchi. Kwa hiyo kabla ya kuonana na mwenyekiti, ongea na wakili au kituo cha msaada wa sheria, ujue unaingia wapi. Sijaahidi hakutakuwa na aibu.

Na usiende peke yako. Nakusihi sana kwa hili. Tunasoma kwamba Yuda alijuta, akazirudisha fedha, vipande vyote 30, akaungama kwa kinywa chake kwamba amekosa. Ukitazama, alifanya mengi ya yale ninayokuambia ufanye. Lakini alizipeleka kwa makuhani, nao wakamjibu, "Basi, haya yatupasa nini sisi?" Akatoka peke yake na aibu yake, hakurudi kwa Yesu, na mwisho wake waujua. Petro alikana mara tatu akatoka akalia kwa uchungu, lakini Jumapili alikuwa na wenzake. Mtu akiungama akaachwa peke yake, kanisa ndilo lililokosa.

Hapo penye usingizi nataka unisikie kama kaka yako. Kama hulali kwa wiki kadhaa, kama moyo unaenda mbio bila sababu, chakula hakishuki, au wazo la kutokuwapo limekupitia hata mara moja, nenda hospitali ukaonane na mtu wa afya ya akili. Si ukosefu wa imani. Ikiwa wazo hilo liko leo, mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi, asikuache, mwende wote. Maombi yataendelea ukiwa kwenye foleni.

Kwa mume wako, jaribu kwanza kwa upole. Msome pamoja mwisho wa Mathayo 24, pale Bwana anapomtaja mtumwa aliyebarikiwa: anakutwa akiwapa watu wa nyumbani chakula kwa saa yake. Hakukutwa shambani akingoja. Mkaribishe mchungaji anayemheshimu aje nyumbani. Lakini siku atakapowatoa watoto shule kwa nguvu, au kikundi kikiwaagiza watoto wafunge, au akitaja safari ya kuhamia porini, usingoje mazungumzo mengine. Nenda kwa chifu, nenda ofisi ya watoto, au piga 116, ni simu ya bure ya kuwalinda watoto hapa Kenya. Hutakuwa umemsaliti mume wako. Huenda ukawa umemwokoa.

Nilisema nitakurudisha kwa yule binti. Katika yote haya anza naye, hata kabla ya mwenyekiti. Wale wengine walipoteza 6,000 kila mmoja. Yeye alipoteza jina, na marafiki, na kanisa lake. Mtafute alikohamia. Usimpigie simu, mwende mkaonane, na yule mtu mzima akusindikize mpaka mlangoni. Usianze na ugonjwa wa mtoto wala na shida ulizokuwa nazo, ijapokuwa zilikuwa za kweli. Mwambie: "Fedha zile nilichukua mimi. Wewe hukujua lolote. Nilinyamaza ukasingiziwa, na sasa naenda kuwaambia wote." Kisha nyamaza. Usimwombe akusamehe siku hiyohiyo, na usimkumbushe kwamba Biblia inamwamuru asamehe. Akilia, mwache alie. Akifunga mlango, rudi nyumbani, na ahadi ya kuwaambia wenzako itimize vilevile, wiki hiyohiyo.